Ghorofa za Msimbazi na Swali la Jirani

Kila mabati mapya yanapozungushwa kwenye kiwanja Kariakoo, maneno huanza siku hiyohiyo. Wafanyabiashara huuliza zitatoka fremu ngapi za chini, kodi italipwa kwa mwaka au kwa miezi sita, na kilemba, yaani fedha za kupewa fremu, kitakuwa kiasi gani. Dalali huwa ameshapata majibu kabla hata mkandarasi hajaleta mchanga. Wazee huuliza nyumba ilikuwa ya nani, warithi wamegawana vipi, na kama yule binti mkubwa aliyebaki na mama yake hadi mwisho amepata chochote. Majirani wa kushoto na kulia huuliza kwa sauti ya chini swali moja tu: watachimba kwenda chini kiasi gani? Nimesikiliza maneno haya kwa muda mrefu katika Mtaa wa Msimbazi na katika mitaa ya karibu yake, Kongo, Mchikichi, Mkunguni, Aggrey na Sikukuu, na nimefikia kuamini kwamba swali hilo linaloulizwa kwa sauti ya chini ndilo zito kuliko yote, na ndilo pekee lisilokuwa na mahali pa kujibiwa.

Sipingi ghorofa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na Kariakoo haiuzii Dar es Salaam peke yake. Mteja wa vitenge anatoka Lubumbashi, wa vifaa vya simu anatoka Lilongwe, wa vyombo vya nyumbani anatoka Bujumbura au Moroni, na wote wanataka kukuta bidhaa zao ndani ya mitaa michache wanayoweza kuizunguka kwa miguu kabla basi au meli haijaondoka. Ardhi ya eneo hilo haiongezeki. Kijana anayeanza biashara kwa mtaji mdogo hawezi kupata fremu ya chini, lakini anaweza kupata kijichumba ghorofa ya pili au ya tatu, akaweka kibao kwenye ngazi na kuanza maisha. Anayesema ghorofa zote zizuiwe anamfungia kijana huyo mlango, na mimi sikubaliani naye.

Lakini inafaa kukumbuka mitaa hii ilipimwa kwa ajili ya kitu gani. Wajerumani walianza kupanga viwanja vya eneo hili kwa mistari iliyonyooka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza walipochukua nchi wakalifanya kuwa makazi ya Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi kulitenga na mtaa wa Wahindi na wa Wazungu. Viwanja vilikuwa vidogo kwa sababu nyumba zilikuwa ndogo. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na baraza mbele, ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, kisha uani palipokuwa na jiko, bafu na choo cha shimo. Mwenye nyumba alikaa vyumba viwili, vilivyobaki akapangisha. Nyumba kama hiyo ilibeba watu kumi na tano, ishirini, na maji yao machafu yalizama uani kwao. Upana wa barabara, kina cha mifereji, nafasi kati ya ukuta na ukuta, vyote vilikadiriwa kwa maisha ya namna hiyo. Leo juu ya kiwanja kilekile kinasimama jengo la ghorofa nane au kumi, chini maduka, katikati stoo, juu hoteli au vyumba vya kupanga, na barabara ni ileile.

Namna nyumba ya urithi inavyogeuka ghorofa inajulikana na kila mtu aliyekulia pale, ingawa haielezwi sana nje. Mzee anafariki, anaacha watoto wengi, wengine kwa mama tofauti. Nyumba haigawanyiki, vyumba sita haviwezi kuwapa haki watu kumi na wawili. Anatokea mwenye fedha na pendekezo la ubia: ninyi leteni kiwanja, mimi naleta fedha za ujenzi, jengo likiisha mtapata ghorofa kadhaa na fremu kadhaa, au mtapata kodi baada ya mimi kurudisha gharama zangu kwa miaka tutakayokubaliana. Tangu Bunge lilipopitisha mwaka 2008 sheria inayoruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, mapatano hayo yana msingi wa kisheria, na familia iliyopata wakili mzuri inaweza kutoka na mali ya kudumu. Iliyosaini kwa haraka, msimamizi wa mirathi akiwa peke yake ofisini na wenzake wakiwa hawana habari, huishia mahakamani huku jengo likiwa limeshafika ghorofa ya nne. Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakipita upande huu na upande ule wa barabara bila kusalimiana kwa sababu ya mkataba kama huo. Hata hivyo, ugomvi wa familia ni wa familia. Kuna mtu mwingine ambaye hakusaini popote, hakupewa hata senti, na ndiye anayelala ukuta kwa ukuta na shimo.

Shimo lenyewe ndilo lililobadilisha hali ya Kariakoo. Zamani jengo lilikwenda juu tu. Siku hizi fremu za usawa wa barabara zina bei kubwa mno, kwa hiyo mwenye jengo anatafuta usawa mwingine wa kuuza bidhaa, na usawa huo ni wa chini ya ardhi, ambako mteja anashuka ngazi chache tu badala ya kupanda nyingi. Wengine wanachimba tangu mwanzo wa ujenzi. Wengine, na hawa ndio wa kutisha, wanachimba chini ya jengo ambalo lilishajengwa zamani, lina wapangaji na linaendelea kufanya biashara. Udongo wa sehemu kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ni wa kichanga, na bonde la Msimbazi liko jirani. Ukichimba pale, maji hukutana nawe mapema, inabidi kuyavuta kwa pampu usiku na mchana. Maji yanapovutwa upande mmoja, udongo wa upande wa pili, uliokuwa umejaa maji hayo, hujikunja na kushuka. Nyumba iliyo juu yake hushuka nao, na haishuki sawasawa; kona moja hutangulia. Mhandisi anayejua kazi yake huzuia hali hiyo kwa kujenga ukuta wa kushikilia udongo kabla ya kuchimba, kwa kuvuta maji kwa kipimo, na kwa kuweka alama kwenye majengo ya jirani ili aone kila wiki kama yanasogea. Hatua hizo zina gharama na zinachukua muda, na mtu anayelipa riba ya benki kwenye kiwanja cha Kariakoo huhesabu kila siku inayopita.

Jiji limeshalipa kwa uhai wa watu. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na Mnazi Mmoja, lilianguka na kuua watu 36. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza karibu na msikiti, ambao hawakuwa na lolote la kufanya na ujenzi ule. Jengo la jirani liliagizwa libomolewe, lakini miaka ilipita likiwa bado limesimama. Kisha asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne likaanguka Kariakoo kwenyewe, katika eneo la mitaa ya Mchikichi na Kongo, wakati maduka yakiwa yameshafunguliwa. Zaidi ya watu 80 waliokolewa, na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilisikiliza habari za watu waliokuwa hai chini ya kifusi, wakiongea na waokoaji, wakipitishiwa maji na hewa kwenye matundu. Watu wa eneo lile walisema tangu saa ya kwanza kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kuchimba ili kuongeza maduka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, na Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda mwenyewe kwenye kifusi aliporudi kutoka nje ya nchi.

Mwitikio wa watu baada ya tukio lile ulinifundisha mengi. Siku za mwanzo wote walikuwa kitu kimoja: wapagazi waliacha mikokoteni na kuchimba kwa mikono, akina mama lishe walipika bila kudai, wenye maduka walifungua stoo na kutoa maji na glavu. Baada ya wiki mbili sauti zikagawanyika. Mfanyabiashara aliyekodi jengo la jirani hakutaka kusikia neno ukaguzi, kwa sababu mzigo wake wa sikukuu ulikuwa ndani na mkopo wake haungoji. Mwenye jengo alisema kibali anacho, waulizwe waliokitoa. Mafundi na vibarua walisema ujenzi ukisimamishwa watakula wapi. Wazee wakasema waliyasema hayo zamani. Sikuona mtu mwovu katika sauti hizo. Kila mmoja alikuwa akitetea mkate wake, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Ila wote waliongea jengo likiwa limeshaanguka. Sijapata kusikia mjadala wa namna hiyo ukifanyika Kariakoo kabla ya shimo kuchimbwa, pale ambapo jibu lingeweza kubadilisha kitu.

Shangazi yangu anaishi katika mojawapo ya nyumba chache za chini zilizobaki karibu na Msimbazi. Ujenzi ulipoanza upande wa pili wa ukuta wake, ufa ulitokea kwenye chumba cha pembeni, kuanzia kona ya dirisha kwenda sakafuni. Ulianza ukiwa mwembamba, unaweza kuufunika kwa kalenda. Kijana mmoja wa mtaani anayesomea uhandisi alimwonyesha cha kufanya: akachanganya saruji kidogo, akapaka kibandiko chenye upana wa vidole viwili kukatiza ufa, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino. “Kikipasuka, Shangazi, ujue ukuta unatembea,” akamwambia. Kilipasuka kabla ya mwezi kwisha, na kile alichokipaka chini yake kikapasuka pia. Shangazi alivaa khanga zake akaenda kwenye geti la mabati na kuomba kuonana na msimamizi. Akaambiwa hayupo. Alipokwenda ofisi aliyoelekezwa aliulizwa kama ana barua, na alipopeleka barua akaulizwa kama ana ripoti ya mhandisi. “Mwanangu,” aliniambia, “wao wanachimba bila kuniuliza, lakini mimi nikitaka kuwauliza lazima niajiri mhandisi.” Sijapata maelezo bora kuliko hayo ya kasoro iliyopo.

Nenda usome bango la ujenzi wowote ule mtaani. Kanuni zinataka liwepo, na mara nyingi lipo, limefungwa kwa waya kwenye mabati: jina la mradi, la mmiliki, la mkandarasi, la msanifu, la mhandisi mshauri, namba za usajili za bodi husika. Ni jambo jema. Lakini bango haliandikwi jengo litakuwa na ghorofa ngapi juu na ngapi chini kulingana na kibali, wala kibali kilitolewa lini, wala ni nani apigiwe simu saa nane za usiku jirani anaposikia ukuta unalia. Idadi ya ghorofa ndiyo taarifa ambayo mpita njia yeyote angeweza kuikagua kwa macho yake bila elimu ya uhandisi. Bango likisema nane, na sisi tukihesabu kumi, mtaa mzima ni mkaguzi. Kuficha namba hiyo, hata kama hakuna aliyekusudia kuificha, kunawanyang’anya watu kazi ya ulinzi ambayo wangeifanya bure.

Wala sidai kitu kigeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari, na maoni ya wanaoishi karibu ni sehemu ya tathmini hiyo. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inazungumzia ushirikishwaji wa wananchi katika kupanga maeneo yao. Karatasi zipo. Kinachokosekana ni mahali na siku: kikao katika ofisi ya serikali ya mtaa, michoro ikiwa mezani, mhandisi akiwa ameketi mbele ya watu ambao nyumba zao zinagusana na kiwanja chake. Kariakoo ilipangwa upya kwa ajili ya ghorofa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati jiji bado linategemea mpango kabambe, yaani mpango mkuu wa jiji, wa mwaka 1979, na wakazi wengi walijua kuwa eneo lao limebadilika pale tu walipoona kivuli cha jengo kwenye uani zao.

Yako malalamiko mengine ambayo kila mtu anayajua, nami nitayapitia kwa haraka. Maegesho hayapo. Majitaka hufurika mvua za masika zinapokuja. Uani ambazo zamani zilipata upepo sasa ni visima vya joto. La moto ndilo linalonisumbua zaidi kati ya haya. Kituo cha Zimamoto kiko mwanzo kabisa mwa Msimbazi, pale pale panapoitwa Fire, na bado gari la kuzima moto likitaka kufika katikati ya Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi linakutana na meza za wamachinga, mikokoteni, pikipiki na magari yanayoshusha mzigo. Soko Kuu la Kariakoo, jengo lile maarufu la msanifu Beda Amuli lililozinduliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, ingawa usiku barabara huwa tupu. Majengo yaliyolizunguka ni marefu kuliko soko lenyewe, ghorofa zake za kati zimejaa mabelo ya nguo na maboksi, na ngazi nyingi zina geti la chuma linalofungwa kwa kufuli nje ya saa za kazi.

Nimeshaambiwa kwamba majirani wakipewa nafasi ya kuulizwa, hakuna kitakachojengwa, kwa sababu kila mtu atataka alipwe ndipo anyamaze. Hoja hiyo ina uzito. Nawajua watu ambao wangefanya hivyo. Ndiyo maana sisemi jirani apewe uwezo wa kukataa. Nasema apewe haki ya kujua, haki ya nyumba yake kukaguliwa na kupigwa picha kabla ya kuchimba ili ufa mpya ujulikane kuwa mpya, na haki ya kulipwa ukuta wake ukipasuka bila kwanza kutafuta fedha za wakili. Mkandarasi makini hapotezi kitu hapo. Kinyume chake, zile picha zitamlinda yeye pia dhidi ya mtu anayetaka kumbebesha ufa wa tangu enzi za baba yake. Anayepoteza ni yule anayetaka kuchimba usiku.

Nimeambiwa pia kwamba Kariakoo si mahali pa kuishi tena, kwamba waliobaki kwenye nyumba za chini wauze tu waende Mbagala au Chanika wakapumue. Wengi wameshauza, na wengine wamefurahi kuuza. Lakini mwanamke wa miaka sabini anayeujua msikiti wake, hospitali yake, muuza samaki wake na kaburi la mumewe, akiamua kubaki katika nyumba aliyorithi kihalali, hahitaji kutoa sababu kwa mtu. Mji unaomlazimisha ahame kwa kumtikisia ukuta mpaka aogope kulala, umemfukuza bila kumlipa fidia.

Wiki iliyopita tuliketi na Shangazi na baadhi ya majirani tukaandika barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hatukuomba ujenzi usimame. Tuliomba tuambiwe kibali kinaruhusu ghorofa ngapi juu na ngapi chini, kina cha shimo kitakuwa mita ngapi na udongo wa upande wetu utashikiliwa na nini, maji yanayovutwa yanamwagwa wapi, kazi itafanyika saa ngapi hadi saa ngapi, na ni nani mwenye wajibu wa kuja kuangalia kile kibandiko cha saruji chenye tarehe. Barua imepokelewa na nakala yetu imegongwa muhuri. Kwa wenzetu walio katika mitaa mingine ya Kariakoo, Gerezani na Kisutu ambao mabati yameshazungushwa jirani nao, maswali ni hayo. Yachukueni, ongezeni yenu, na mpige picha kuta zenu leo, kabla mashine haijafika.